Kutoka Kwenye Lipu Hadi Kwenye Marumaru: Mwongozo kwa Mwashi Anayetaka Kazi ya Bafu

Mwashi aliyezoea kupiga lipu anapoamua kuingia katika kazi ya marumaru za bafu huwa tayari ana nusu ya ujuzi anaouhitaji, kwa kuwa anajua timazi, anajua pima maji na anaijua saruji inavyobadilika mkononi. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu inamtaka aache mazoea yaliyompa jina. Ukuta wa lipu ukipinda milimita tano, rangi huusitiri na mwenye nyumba haoni, lakini ukuta huohuo ukivikwa marumaru, kila mstari wa kiungo kati ya marumaru na marumaru hugeuka kuwa rula inayomwonyesha mgeni mahali ulipopinda.

Kabla ya kununua kifaa chochote, tafuta fundi marumaru unayeiamini kazi yake na uombe kuwa saidia fundi wake katika bafu mbili au tatu, hata kama kwenye lipu wewe ndiwe unayeitwa fundi mkuu. Usitumie siku hizo kuangalia namna anavyobandika, kwa kuwa hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Angalia anavyopima, anapoanzia na kwa nini ameanzia hapo. Wakati huo usiziache kazi zako za lipu, maana mwaka wa kwanza wa marumaru huja na mapengo marefu kati ya kazi moja na nyingine.

Vifaa vingi unavyo. Utakavyoongeza ni mashine ya mkono ya kukatia, grainda yenye diski ya almasi, mwiko wenye meno, nyundo ya mpira, misalaba ya plastiki ya kutenganishia marumaru, sponji na ndoo mbili safi. Ule mpira wa maji unaoutumia kuhamisha usawa kutoka kona hadi kona utunze vizuri, kwa kuwa ndani ya bafu lenye kona nne na mlango mmoja hufanya kazi kwa uaminifu kuliko pima maji fupi.

Zoea la kwanza la kuacha ni niru, ule uji wa saruji unaopakwa juu ya lipu kuilainisha. Fundi lipu hujivunia ukuta laini unaong'aa, lakini gundi ya marumaru inataka ukuta uliokwaruzwa, ambao una mahali pa kushika. Ukipewa bafu lililokwisha kupigwa niru, litindue lote kwa tindo, kisha lifagie na kulilowesha kidogo. Ukipiga lipu mwenyewe, iache na ukwaruzo wa rula, imwagilie maji kwa siku saba, halafu ipe muda wa kukauka kabla ya kubandika. Hakikisha pia kwamba kona zimekaa kwenye pembe mraba kwa kutumia kipimo cha 3, 4 na 5: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari uwe 100 kamili.

Zoea la pili lilinigharimu fedha zangu mwenyewe. Katika bafu langu la kwanza, huko Mbagala, nililaza sakafu kwa pima maji kama nilivyozoea kulaza sakafu ya sebule, nikaiona imetulia sawasawa, nikajisifu kimoyomoyo. Mwenye nyumba alipooga siku ya kwanza, maji yalituama nyuma ya mlango hadi jioni, nami nikarudi kubomoa marumaru kumi na moja na kununua nyingine. Sakafu ya bafu lazima ielekee kwenye tundu la maji kwa mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita moja, na mteremko huo hutengenezwa kwenye saruji ya chini. Hautengenezwi kwa kuongeza gundi. Katika bafu zetu nyingi, ambamo choo na mahali pa kuogea viko chumba kimoja, anza kwenye tundu, vuta uzi hadi kila kona, na uhakikishe kwamba sehemu ya mlangoni ndiyo iliyo juu kuliko zote, huku ikibaki chini kidogo ya sakafu ya korido. Mteja akikuletea marumaru za 60 kwa 60 kwa ajili ya sakafu hiyo, mweleze mapema kwamba kipande kikubwa hakiwezi kukubali mteremko wa pande nne bila kukatwa mishazari. Za 30 kwa 30 au ndogo zaidi ndizo zinazofaa.

Baada ya mteremko hufuata dawa ya kuzuia maji, hatua ambayo wateja wengi hupenda kuiruka kwa sababu haionekani kazi ikishakamilika. Marumaru hazizuii maji peke yake, kwa kuwa viungo vyake hupitisha unyevu kila siku. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza ukishakauka, panda ukutani sentimita 30 kuzunguka chumba chote, na mahali pa kuogea fika hadi mita 1.8. Kisha ziba tundu, jaza maji ya sentimita chache na uyaache saa 24 uone kama yanavuja. Katika nyumba ya chini, uvujaji hujionyesha kwa rangi ya nje kuvimba na ukuta kuota chumvi, na wakati huo lawama zote humwangukia fundi.

Sasa njoo kwenye mpangilio, ambao ndio unaomtofautisha fundi na mbandikaji. Chukua ukuta wenye upana wa sentimita 146 na marumaru za sentimita 30 kwa 60 zilizosimamishwa, zenye viungo vya milimita mbili. Ukiweka kiungo katikati ya ukuta, utapata marumaru nne nzima na vipande viwili vya pembeni vya sentimita 12.5 kila kimoja, vinavyoonekana kama viraka. Ukiweka katikati ya marumaru kwenye mstari huohuo wa katikati ya ukuta, utapata tatu nzima na vipande viwili vya sentimita 27.6, ambavyo jicho halivitambui kuwa vimekatwa. Idadi ya marumaru ni tano kwa njia zote mbili, kwa kuwa vile vipande viwili vyembamba hutoka kwenye marumaru moja. Kilichoongezeka ni dakika kumi za kufikiri. Kwa upande wa urefu, usianze kwenye sakafu, kwa kuwa sakafu ina mteremko. Piga mstari wa usawa kuzunguka chumba, gongomea ubao kwenye mstari huo, anza kubandika safu ya pili juu ya ubao, na safu ya chini ikatwe mwishoni kufuata sakafu.

Kwenye gundi, tofauti na udongo wa lipu, maji hayaongezwi kwa kukisia. Tia unga ndani ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, koroga, acha dakika tano hadi kumi, ukoroge tena, na ikianza kukaza usiizimue kwa maji. Katika joto la Dar es Salaam, paka eneo la mita moja ya mraba tu kwa mara moja. Ukigusa kwa kidole na gundi isishike kidoleni, imeshaota ngozi, kwangua uitupe. Kubandika kwa matonge matano, manne pembeni na moja katikati, ni njia ya haraka inayoacha matupu nyuma, na maji hukaa humo. Kila baada ya marumaru kadhaa, ng'oa moja mara tu baada ya kuibandika uitazame mgongo: karibu mgongo wote uwe umepata gundi. Kuna mafundi wanaolowesha kila marumaru kwenye ndoo kabla ya kubandika. Hilo lilifaa kwa saruji ya kawaida na marumaru za seramiki zinazonyonya maji, lakini ukitumia gundi bandika zikiwa kavu, na zile za poseleni, ambazo hazinyonyi zaidi ya asilimia 0.5, loweshe usiloweshe hazinywi.

Ukikata kwa grainda, vaa miwani na barakoa, na utafute namna ya kumwagia maji pale unapokata, kwa sababu vumbi hilo lina silika inayoharibu mapafu polepole. Waya wa umeme usipite kwenye maji.

Viungo vijazwe baada ya saa 24, kwa grauti, unga maalumu wa kujazia viungo, badala ya saruji nyeupe tupu, ambayo hupasuka na kushika uchafu mapema. Kona za ndani, ambapo ukuta hukutana na ukuta au na sakafu, zisijazwe grauti. Weka silikoni, kwa kuwa kuta hucheza na grauti haichezi.

Kuhusu bei, usikubali kulipwa bafu kwa kiwango cha mita ya mraba kinacholipwa sebuleni. Bafu la mita 1.5 kwa 2 lina sakafu ya mita za mraba tatu tu, lakini mabomba, sinki la choo na dirisha vinaweza kukuweka humo siku nne, hivyo taja bei ya chumba kizima na uorodheshe kwa maandishi yaliyomo: kutindua, mteremko, dawa, kubandika na grauti. Baada ya kazi kadhaa, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti.

Unapompa mteja hesabu ya marumaru, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata na vitakavyovunjika, na dukani linganisha namba ya rangi iliyopigwa muhuri kwenye kila boksi, kwa sababu maboksi ya jina moja hutofautiana weupe yakitoka matoleo tofauti. Zitakazobaki nzima mwachie mwenye nyumba, pamoja na boksi lake, kwa siku ambayo fundi bomba atalazimika kupasua ukuta.