Taa za Krismasi za bei poa huku Marekani: subiri tarehe 26, alafu soma kile kistika

Kila mwaka Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, ikikaribia watu wanaanza kuulizana wapi kuna taa za bei rahisi za kupamba nyumba, na mi jibu langu ni lile lile, bei nzuri inakuja Krismasi ikishapita. Kuanzia tarehe 26 Desemba Walmart, Target, Home Depot na Lowe's wanashusha bei, mara nyingi wanaanzia nusu, na zikiendelea kukaa wanashusha tena maana wanataka rafu ziwe wazi waweke vitu vya Valentine. Unanunua, unaweka stoo, mwakani hutumii hata senti. Na nyie ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Unguja na kwingineko mlioko huku, hizo siku ni zenu kabisa, kwa sababu Ramadhani ya 2026 na 2027 zinaingia Februari, kwa hiyo zile taa nyeupe zinazoelekea manjano mnazipata kwa bei ya kutupa wiki chache tu kabla ya kupamba sebule.

Kama huwezi kusubiri, pita maduka ya mitumba kama Goodwill au watu wanaouza vitu mtandaoni hapo mtaani kwako. Ila za mitumba omba uzichomeke palepale uone zinawaka, alafu pitisha vidole kwenye waya wote mwanzo mpaka mwisho, ukikuta umechubuka au plagi imeungua hata kidogo, acha hapo hapo hata kama anakupa bure.

Nunua LED tu. Waya wa zile balbu ndogo za zamani mia moja unakula karibu wati 40, wa LED ni wati 5 hivi. Sasa chukua nyaya kumi, uwashe masaa sita kila usiku mwezi mzima, za zamani zinakula uniti 72 na LED uniti 9, kwa uniti ya senti 17 hiyo ni kama dola 12 dhidi ya dola moja na nusu. Zile balbu nene za kuzungusha kwenye paa ndo mbaya zaidi, za zamani kila balbu moja ni wati 7. Na ukinunua taima ya soketi hata hiyo dola moja na nusu inapungua, maana hakuna anayekumbuka kuzima saa sita usiku.

Sasa hapa nawaomba msome taratibu. Karibu na plagi kuna kistika kidogo kinachong'aa kimeandikwa UL, yaani maabara ya kupima usalama wa vifaa vya umeme imezipitisha, kikiwa chekundu hizo taa ni za ndani na nje, kikiwa kijani ni za ndani tu, usizitoe kwenye mvua wala theluji. Hizi za bei ya ajabu za mtandaoni zisizo na alama yoyote, si UL, si ETL ambayo nayo ni alama ya usalama kama hiyo, mi sishauri kabisa, nyumba nyingi za huku ni za mbao na moto ukianza ukutani hausubiri mtu avae viatu. Pembeni ya hicho kistika kuna kikaratasi kinachokwambia uunganishe nyaya ngapi mfululizo, za zamani mara nyingi ni tatu tu, LED ni zaidi, fuata wanachosema. Za nje chomeka kwenye ile soketi yenye vibatani viwili vya TEST na RESET, na tumia klipu za plastiki kwenye paa, usipigilie msumari kwenye waya. Waya mzima ukizima usiutupe, kwenye plagi kuna kamlango kadogo, fungua, ndani kuna fyuzi mbili nyembamba, na mara nyingi fyuzi za akiba zinakuja kwenye kamfuko ndani ya boksi.

Za sola kwa wenzetu wa Minnesota, hapana. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, mchana haufiki masaa tisa, hazipati chaji ya maana.

Na wale mnaotaka kumtumia mama nyumbani: taa za Marekani ni za volti 120, Kenya, Tanzania na Uganda umeme ni 230 mpaka 240, adapta ya plagi haibadilishi volti, zikichomekwa zinaungua palepale. Tuma za USB, zinawaka kwa chaja yoyote ya simu. Ukiwa na ndugu Uingereza, Dubai au Muscat mwachie yeye hiyo kazi, umeme wao na plagi yao ya miguu mitatu ni kama ya nyumbani, mama anachomeka tu.