Sikilidi Anapougua: Pima Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Sikilidi, yaani samaki wa jamii moja na sato na perege, huficha ugonjwa wake kadiri awezavyo, kwa sababu anayeonekana dhaifu hushambuliwa na wenzake. Ndiyo maana mfugaji anapoona dalili ya wazi ndani ya tangi, mara nyingi tatizo limekwisha kuwapo kwa siku kadhaa, na haraka inayomjia ya kufungua chupa ya dawa inaeleweka. Haraka hiyo, hata hivyo, huua samaki wengi. Dawa isiyolingana na ugonjwa humchosha mgonjwa, inaweza kuangamiza bakteria wenye manufaa walio kwenye chujio, na huvuruga dalili ambazo zingekuonyesha kiini cha tatizo. Utaratibu ulio salama ni kuchunguza maji kwanza, kisha uhusiano wa samaki wenyewe kwa wenyewe, kisha mwili wa mgonjwa, na dawa ije mwisho.

Pima amonia (sumu itokanayo na taka za samaki), nitriti na nitreti (ambazo bakteria wa chujio huzitengeneza kutokana na amonia hiyo), pH (kipimo cha uasidi wa maji) na joto kabla hujabadilisha maji. Amonia na nitriti zinapaswa kuwa sifuri, na nitreti isizidi miligramu 40 kwa lita, ingawa chini ya 20 ni bora zaidi. Kwa sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao huhitaji maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH inayozidi 7.5, amonia ni hatari kuliko ilivyo kwa samaki wa maji laini ya Amazon. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 na pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1, lakini pH ikifika 8.5 sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 15 hivi. Kwa hiyo kipimo kile kile cha amonia kinaweza kuwa na sumu zaidi ya mara 20 kwa sababu ya pH tu. Vilevile, tangi lililotelekezwa kwa muda mrefu, ambalo pH yake imeshuka, halifai kumwagiwa maji mapya mengi kwa mkupuo mmoja, kwani kupanda kwa ghafla kwa pH hugeuza amonia iliyokuwa imetulia kuwa sumu.

Samaki wote wakihema juu ya maji kwa wakati mmoja, washuku maji, si vimelea. Badilisha kati ya asilimia 30 na 50 kwa maji yenye joto linalolingana na yaliyoondolewa klorini, ongeza hewa kwa pampu, na usiwalishe kwa siku moja au mbili. Nitriti ikiwa ndiyo iliyopanda, matamvua huelekea rangi ya kahawia kwa kuwa damu imeshindwa kubeba oksijeni, na gramu 1 ya chumvi kwa kila lita husaidia kwa sababu kloridi huizuia nitriti kuingia mwilini. Sifongo la chujio lisafishwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba yenye klorini.

Ikiwa mgonjwa ni mmoja tu, mtazame anavyoishi na wenzake. Sikilidi anayejibanza kwenye kona ya juu karibu na hita, rangi ikiwa imefifia na mapezi yamechanika, huenda haumwi chochote isipokuwa anaonewa. Mtoe yeye au mwonevu wake, kisha panga mawe upya ili mipaka ya himaya ivunjike. Kuna pia jike anayekataa chakula kabisa huku taya lake la chini limevimba na mdomo unacheza kana kwamba anatafuna. Huyo ameatamia mayai kinywani, jambo linaloweza kuchukua takriban wiki tatu, na anachohitaji ni utulivu tu.

Baada ya hapo ndipo uchunguze mwili. Tazama kabla ya kulisha, ukitumia tochi kutoka ubavuni, na hesabu mara anazofungua vifuniko vya matamvua kwa dakika, ukilinganisha na samaki mzima wa aina hiyo hiyo na ukubwa huo huo. Tazama na kinyesi chake, kwa kuwa kinaeleza mengi kuliko ngozi.

Kosa ninalolihofia kuliko yote ni kuchanganya magonjwa mawili yanayoonyesha weupe mwilini, kwa sababu tiba ya moja huharakisha kifo katika lingine. La kwanza, ugonjwa wa nukta nyeupe, husababishwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Hapo utaona nukta zilizotengana, zilizoinuka, kila moja kama chembe ya chumvi, na samaki hujisugua kwenye mawe. Kimelea aliye chini ya ngozi hafikiwi na dawa. Anayekufa ni yule mchanga anayeogelea akitafuta samaki wa kumwingia, na ndiyo sababu tiba huendelea kwa siku kadhaa hata baada ya nukta ya mwisho kutoweka. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ikiwa aina ya samaki wako inalivumilia, ili mzunguko wa maisha wa kimelea ufupike; ongeza hewa, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo; kisha weka gramu 2 za chumvi kwa lita, kwa awamu, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Hapa litibiwe tangi lote, si mgonjwa pekee.

La pili huletwa na bakteria Flavobacterium columnare. Weupe wake ni utando wa kijivu usio na nukta, unaoanzia midomoni au kukaa mgongoni mbele na nyuma ya pezi, mara nyingine ukiwa na kingo za njano. Bakteria huyu hushamiri katika joto, na aina zake kali huua ndani ya siku moja au mbili. Anayepandisha joto akidhani anapambana na nukta nyeupe anampa adui nguvu. Shusha joto taratibu hadi karibu nyuzi 24, mtenge mgonjwa, na mtafute daktari wa mifugo kuhusu antibiotiki inayofaa. Kuvu halisi, kwa upande wake, huota nyuzi ndefu na kwa kawaida hushika kidonda kilichokuwapo tayari.

Sikilidi wanaoitwa mbuna wa Ziwa Nyasa na wale wa Tropheus wa Tanganyika wana ugonjwa wao wa kuvimba tumbo, unaohitaji jicho la makini mapema. Samaki hukimbilia chakula pamoja na wenzake, hukitia mdomoni, kisha hukitema. Baada ya muda haji kabisa, kinyesi chake kinakuwa uzi mweupe mrefu, pumzi zinaenda kasi, na tumbo linajaa. Magamba yakishaanza kusimama, matumaini ni madogo, hivyo siku ya kutema chakula ndiyo siku ya kuchukua hatua. Samaki hawa hula mwani na wana utumbo mrefu. Chakula chenye nyama nyingi, msongamano na maji machafu huwafungulia mlango vimelea wa utumboni. Dawa ya metronidazoli hutumika kwa kiasi cha miligramu 250 kwa kila lita 38 za maji, kila siku kwa siku 5, ukibadilisha sehemu ya maji kabla ya kila dozi. Mgonjwa akiwa bado anakula, ni afadhali dawa hiyo ichanganywe na chakula, miligramu 10 kwa kila gramu ya chakula kwa siku 5, kwa kuwa huifikia sehemu yenye ugonjwa moja kwa moja.

Vishimo kichwani, ambavyo huwapata hasa sikilidi Astronotus ocellatus (oska) na Symphysodon (diskasi), hudai kwanza maji safi na lishe yenye vitamini. Nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja ni minyoo Camallanus, inayotibiwa kwa levamisoli. Prazikwanteli, inayosifiwa kwa minyoo bapa, haiwaondoi hao.

Kabla ya dozi yoyote, kokotoa maji halisi. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha punguza nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga. Ondoa makaa ya kuchujia, kwa kuwa hunyonya dawa, na zima taa ya urujuanimno. Tumia dawa moja kwa wakati mmoja.

Samaki anayekonda ingawa anakula, mwenye uti uliopinda au vidonda visivyopona, anaweza kuwa na bakteria Mycobacterium marinum, ambaye huambukiza binadamu kupitia michubuko. Vaa glavu, usivute mpira wa maji kwa mdomo, na ukiota uvimbe mkononi mweleze daktari kwamba unafuga samaki. Kwa samaki, tiba ya kutegemewa hakuna.

Aliyepona asirudishwe tangini mchana wenzake wakiwa wamechangamka, kwani watampokea kama mgeni aliyevamia himaya. Panga mawe upya kwanza, mtie taa zikiwa zimezimwa, na siku inayofuata ukae karibu wakati wa kulisha uhakikishe kwamba anakifikia chakula na anakimeza.