Gogo la chini ndio linakula faida yako: wenye mashine za mbao Malindi na Lamu someni hapa

Hii ni ya wenye mashine ndogo za kupasua mbao, kuanzia Ganda na Kakuyuni mpaka Mambrui na Gongoni, na wenzetu wa Hindi na Mpeketoni pia manake kule nako ni yaleyale. Sitawafundisha kupasua wala kunoa msumeno, hapo mnanishinda. Shida yangu ni lundo. Lori likifika mnamwaga magogo mapya juu ya yale ya wiki iliyopita, kijana wa mashine akitaka gogo anavuta la juu kwa sababu ndio rahisi, na yale ya chini kabisa yamelala kwenye mchanga hakuna anayekumbuka yaliingia lini. Ukimuuliza mwenyewe, "Mzee, haya ya chini ni ya lini?" anakujibu, "Haya ya juzijuzi tu afisa, yaache yakauke kwanza." Juzijuzi gani na gogo lishaota uyoga?

Hebu tupige hesabu. Tuseme yadi yako ina magogo 30 ya mwembe, kila wiki yanaingia 10 na unapasua 10. Unaona mambo yanakwenda, kazi inatembea. Lakini kama kila siku unachukua la juu, basi yanayozunguka ni yale 10 tu, yale 20 ya chini hayajaguswa tangu siku ya kwanza na hayataguswa mpaka siku lori likose kuja. Siku hiyo ndio unayafikia, unayapasua, na mbao inatoka na michirizi ya bluu na kijivu, vichwa (zile ncha mbili za gogo) vimepasuka, na fundi wa fanicha anaiangalia mara moja tu anakwambia nusu bei ama hataki. Alafu unasema mwembe ni mti mbaya. Mwembe hauna makosa.

Na hii habari ya "yaache yakauke" naomba iishe leo. Gogo la unene wa inchi 16 ukilingoja likauke likiwa zima ni miaka, si wiki. Kinachokauka haraka ni vichwa tu, manake maji yanatoka kichwani mara kumi au zaidi ya yanavyotoka ubavuni, hivo kichwa kinasinyaa na tumbo bado limejaa maji, lazima kipasuke. Huku ndani kukibaki na unyevu na joto letu hili la pwani, kuvu wa bluu amepata kila kitu anachotaka. Kinachotakiwa kukauka ni mbao, tena zimepangwa kwa vijiti katikati hewa ipite. Gogo linatakiwa libaki bichi mpaka lifike kwenye msumeno. Nyinyi mnafanya kinyume, gogo mnalikausha juani na mbao mnazibananisha ukutani.

Sasa dawa ya lundo ni reli. Chukua nguzo mbili ndefu za mvinje zilizonyooka, mita 6 kila moja, ziweke sambamba, ziachane mita moja na nusu. Kwa gogo la futi nane (na nasema futi nane na inchi nne, ile inchi nne ni ya kukata kichwa, msiwe wabahili hapo) litabaki kama nusu mita nje kila upande na halitapinda. Upande wa lori nguzo ziinue sentimita 45 kutoka chini, upande wa mashine sentimita 30. Tumia bloku au mawe, yaweke kila baada ya mita moja na nusu chini ya nguzo zisije zikalegea katikati. Nimesema sentimita 30, sio tofali moja limelala. Mtu anaweka kitu cha inchi nne anasema ameinua, mvua ikipiga mchanga unaruka wote unaingia kwenye ganda na ule mchanga ndio unaokuulia meno ya msumeno, mchwa nao inchi nne anaipanda kwa usiku mmoja.

Huo mteremko ni sentimita 15 kwa mita 6, mdogo sana, gogo halikimbii lenyewe lakini ukilisukuma linabiringika. Lori linashusha upande wa juu, msumeno unachukua upande wa chini, foleni kama ya kwenye posho mill, aliyekuja kwanza anasagiwa kwanza. Hakuna haja ya kumgombeza kijana, hata akitaka kuchukua jipya hawezi, ya zamani yamemzibia njia. Panga safu moja tu, gogo lisikae juu ya lingine. Najua utapandisha ya pili juu yake siku yadi ikijaa, sawa, lakini ya tatu hapana, na la mwisho upande wa mashine lipigwe kabari kila reli kabla mtu hajapita mbele yake. Watoto wasicheze hapo. Hili sirudii.

Reli ya mita 6 kwa magogo ya sentimita 40 inabeba 15. Ikijaa imejaa. Hapo ndio wengi mnaanguka, manake mtu wa Marafa anakupigia simu ana miembe mitatu anauza bei ya kutupa na wewe roho inaruka unatuma watu wa pawa (msumeno wa injini) wakakate leo leo. Mlipe kidogo ya kuushika mti, mwambie usubiri shambani. Mti ukiwa umesimama hauingii kuvu wa bluu, ukishaanguka saa imeanza kuhesabu.

Na siku zinahesabiwa tangu mti uanguke, SIO tangu lori lifike. Gogo linaweza kukaa shambani siku kumi likingoja usafiri na kibali cha KFS (shirika la misitu la Kenya), likifika kwako unaliita jipya. Muulize mwenye shamba lilikatwa lini, uandike kwenye kichwa chembamba kwa rangi: tarehe ya kukatwa na herufi ya mti, W ya mwembe, V ya mvinje, R ya mwarobaini. Chaki inafutika na mvua ya kwanza, msiniletee chaki.

Mwembe: wakati wa kiangazi wiki mbili uwe ushapasuliwa, wakati wa mvua kubwa kuanzia Aprili wiki moja, basi. Mvinje hauogopi sana bluu lakini unapasuka vibaya na ukikauka unakuwa mgumu unakula msumeno, upasue ndani ya wiki tatu ukiwa bado mbichi. Mwarobaini una uvumilivu, mwezi mmoja sawa, ila ile sehemu nyeupe ya nje wadudu wanaila usidanganyike na uchungu wa majani. Kama una nafasi jenga reli mbili, mwembe peke yake, hii mingine pamoja.

Vichwa vipakwe siku ileile gogo linapokatwa vipande, ikizidi sana masaa 24. Rangi ya mafuta iliyobaki inafaa, ipake mara mbili, nzito. Lami ya kuezekea pia inafaa. Oili chafu hapana, haizibi, inapenya tu na kuharibu mbao, na chokaa nayo ni ya kupendeza macho tu maji yanapita. Umechelewa siku tatu? Usipake juu ya ufa, kata inchi mbili mpya kwanza ndio upake. Ukiona ni kazi kubwa fikiria gogo la futi nane limepasuka futi moja kila kichwa, hiyo ni robo ya gogo umeigeuza kuni na nauli ya lori ulishalipa.

Lingine ni jua. Funika reli kwa makuti, hata banda bila ukuta, na upande wa magharibi ning'iniza makuti mpaka chini manake jua la alasiri likipiga vichwa linamaliza kazi yote ya rangi. Upepo pia, kusi ikivuma magogo yalazwe ubavu uelekee upepo, sio kichwa. Kuna wanaomwagia maji kwa ndoo jioni, waache, maji yakiwa ya kuloa na kukauka unamsaidia kuvu, kumwagia kunafaa tu kama ni mchana na usiku bila kukatika na nani ana maji hayo. Na ndugu zetu wa Lamu, kuloweka magogo kwenye maji ya chumvi mnajua wenyewe wadudu wanavyotoboa madau, sina la kuongeza.

Ganda na unga wa msumeno uondolewe kila Ijumaa, mita moja kuzunguka reli iwe wazi bila nyasi. Ukiona vitundu vidogo vyenye ukingo mweusi na vumbi jeupe linamwagika, gogo hilo lipite mbele ya foleni lipasuliwe leo. Doa jeusi lililozunguka kitu kimoja katikati hilo si kuvu, huo ni msumari, miembe ya karibu na nyumba imepigwa misumari ya bembea na kamba za nguo miaka yote, pitisha sumaku kabla ya msumeno.

Mkifanya hivi mbao ya mwembe itatoka safi bila ile michirizi ya bluu ya kuvu na fundi hatalalamika.

Kwa lundo lililopo sasa hivi: simamisha lori kwanza. Ondoa ya juu yote, yatie alama, yapande reli. Ya chini yapasue wiki hii, anza na yaliyogusa mchanga, kata kichwa inchi mbili mbili mpaka uone mbao safi. Likiwa safi futi nne tu, toa futi nne, za stuli na visanduku zinauzika. Lenye uyoga lililolainika ukibonyeza kwa kisu, hilo uza kuni na ulitoe yadini kabisa, usiliegemeze pale kando ya reli mpya.