Jinsi ya kumtafuta babu aliyehukumiwa kwa wizi akasafirishwa Australia

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza iliwapeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, wengi kwa wizi: leso, kondoo, nguo zilizoanikwa uani. Nimewasaidia vitukuu na vilembwe wengi kuwatafuta, na wanaokwama karibu wote walianza na jina tupu. Akina John Smith ni wengi mno. Kinachofungua njia ni jina la meli na mwaka ilipofika.

Hatua ya 1: Anza na kifo chake. Chukua vyeti vya vifo na ndoa vya Australia, urudi nyuma kizazi baada ya kizazi bila kuruka hata kimoja. Kama aliishi New South Wales, tazama sensa ya 1828; humo imeandikwa meli iliyomleta na mwaka.

Hatua ya 2: Fungua rejista za meli. Ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye fungu la HO 11 (HO ni Home Office, wizara ya mambo ya ndani). Utapata mahali na tarehe ya hukumu, na kifungo chenyewe: miaka 7, 14, au maisha. Kosa halitajwi.

Hatua ya 3: Tafuta kesi. Aliyehukumiwa katika mahakama ya Old Bailey, London, ana bahati, kwani kumbukumbu za kesi za huko, 1674 hadi 1913, zinasomwa bure mtandaoni. Kwingineko, itabidi upekue nyaraka za kaunti na magazeti ya wakati ule.

Hatua ya 4: Mtazame mwenyewe. Hapa usiwe na haraka. Waliopelekwa Van Diemen's Land, ambayo leo ni Tasmania, waliandikwa kwa undani wa kushangaza: kimo, rangi ya macho, umbo la pua, kovu, alikozaliwa, hata michoro ya mwilini. Ukikuta nanga na herufi mbili tatu zimechorwa mkononi, zinakili jinsi zilivyo. Mara nyingi ni herufi za mke, wazazi au watoto aliowaacha. Zilinganishe na daftari za ubatizo za parokia ya kwao. Zikioana, huo ni ushahidi mzito kuliko jina. Endelea kusoma chini: ulevi, kutoroka kazini, kumjibu vibaya mwajiri aliyepangiwa, na adhabu ya kila kosa.

Hatua ya 5: Tafuta maombi ya huruma. Wengi huishia hatua ya nne, na inanisikitisha. Fungu la HO 17 lina maombi ya 1819 hadi 1839, na HO 18 yanayofuata hadi 1854. Majirani, waajiri na wake waliandika kumwombea mfungwa, wakieleza alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kukamatwa, na watoto wangapi wamebaki bila chakula. Asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba, na karani akaandika jina pembeni yake. Ukiliona jina la bibi yako hapo, piga picha ukurasa mzima, pamoja na nyuma yake, kwa kuwa uamuzi wa serikali mara nyingi uliandikwa huko.