Kupima vumbi la angani kwa seli ya sola, na kukadiria joto linaloachwa hewani

Kati ya Desemba na Februari, vumbi la barabara za moramu na moshi wa nyasi zinazochomwa huifanya anga ya Gulu au Soroti, nchini Uganda, kuwa nyeupe. Mwanga mwingine hauifikii ardhi, na sehemu yake hubaki hewani kama joto. Ni joto kiasi gani? Taa ya sola iliyokufa inatosha kukupa makadirio.

Itoe seli yake, isizidi upana wa sentimita 4, uitie kwenye mdomo mmoja wa bomba la PVC la inchi 2 lenye urefu wa sentimita 30, uso wake uelekee ndani. Kuta za ndani zipake masizi ya sufuria yaliyokorogwa na gundi kidogo. Bomba hili lisikosekane: bila hilo seli hula pia weupe wa anga ulio kando ya jua, nawe utadhani vumbi ni kidogo kuliko lilivyo.

Unganisha nyaya za seli na kipima umeme cha mkononi (multimeter) upande wa mkondo, DC 200 mA (ikizidiwa, hamia tundu la 10A). Wengi hupima volti, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mwanga ukipungua nusu, volti hutikisika kidogo tu, lakini mkondo nao hushuka karibu nusu.

Simika kijiti cha mita 1, wima kabisa. Kivuli chake kikiwa mita 2.83, mwanga unapita hewa mara 3 ya ile ya jua la utosini. Kikifika mita 1, ni mara 1.41. Mjini Kampala, mwezi Machi, hiyo ni kama saa mbili na dakika kumi, kisha saa nne kasoro dakika kumi, ila fuata kivuli, si saa. Usilitazame jua: geuza bomba mpaka kivuli chake kibaki duara tu, usome haraka, kisha ulifunike. Seli iliyopata moto husoma tofauti.

Pima siku moja baada ya mvua kusafisha anga, na siku nyingine ya vumbi. Tuseme siku safi umepata 32 mA kwenye kivuli kirefu na 44 mA kwenye kifupi. Gawanya 44 kwa 32, bonyeza ln kwenye kikokotoo, gawanya kwa 1.59 (yaani 3 toa 1.41): 0.20. Siku ya vumbi, 17.4 na 33 mA hutoa 0.40. Tofauti, 0.20, ndiyo kizuizi cha vumbi na moshi.

Sasa joto. Kizuizi cha 0.20 hukamata asilimia 18 ya mwanga. Jua la wati 800 kwa mita ya mraba linapoteza wati 144, lakini usizihesabu zote kuwa joto: chembe za vumbi hutawanya sehemu kubwa na kumeza kama moja ya kumi, wati 14.4. (Moshi humeza zaidi, kwa hiyo hiki ni kiwango cha chini.) Kwa saa nne za mchana ni jouli 207,000. Zikiingia katika kilomita moja ya chini, yenye kilo 1,050 hivi za hewa juu ya kila mita ya mraba, hewa hiyo hupata nyuzi 0.2. Ardhi yenyewe, iliyonyimwa mwanga, hupoa.

Jouli hizohizo zipeleke kwenye sayari ya Mirihi (Mars). Huko hewa yote, tangu chini hadi juu, ni kama kilo 164 tu kwa mita ya mraba, nayo ingepanda nyuzi 1.6. Ndiyo maana chombo cha angani Mariner 9 kilipofika huko Novemba 1971, dhoruba ya vumbi ikiwa imeifunika sayari nzima, kilikuta hewa imepata joto na ardhi imepoa. Mwaka 2018 kizuizi juu ya Opportunity, gari la utafiti lililokuwa hukohuko Mirihi, kilifika 10.8. Kwa hesabu yetu, mwanga wa moja kwa moja uliopenya ni sehemu 2 kati ya 100,000.

Usiku vumbi huzuia joto la ardhi lisitoroke, ila seli hailioni hilo.

Majibu yakiruka ovyo, shuku wingu jembamba la juu, au moshi wa sigiri za asubuhi; ukiwa ni moshi huo, panda kilimani. Mkondo ukishuka siku hadi siku hata baada ya mvua, futa seli kwa kitambaa chenye unyevu: vumbi limekaa juu yake.