Somo: Jinsi ya kupima ukuaji wa kisaikolojia kwa kina mama wenye saratani ya matiti

Somo hili ni kwa wenzangu mnaohudumia kina mama hawa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, na kwa wanafunzi mnaoandaa tafiti. Tunachopima ni mabadiliko mazuri anayoyaona mtu maishani mwake baada ya kupambana na jambo lililomtikisa. Hatupimi kupona, wala kukosa huzuni. Mama anaweza kulia usiku kucha, na asubuhi akakwambia kwa dhati kwamba sasa anawajua watu wake wa kweli.

Hatua ya 1: Chagua dodoso. Linalotumika sana ni la Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani, lililotoka mwaka 1996, liitwalo Posttraumatic Growth Inventory, kwa kifupi PTGI. Lina sentensi 21: uhusiano na watu (7), njia mpya za maisha (5), nguvu binafsi (4), kuthamini maisha (3) na imani (2). Kila sentensi hupewa alama 0 hadi 5, hivyo jumla haizidi 105. Lipo pia fupi la sentensi 10. Kama ni utafiti, kibali cha maadili kipatikane kwanza.

Hatua ya 2: Tafsiri. Mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona la awali alirudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe. Halafu kaeni na kina mama wachache, muwaulize kila sentensi wameielewaje.

Hatua ya 3: Chagua wakati. Usiulize siku anayopewa majibu ya vipimo. Na mama aliyetoka Makete au Chunya na basi la alfajiri usimguse kabla hajaonana na daktari, maana akili yake yote iko kwenye foleni.

Hatua ya 4: Uliza vizuri. Hapa ndipo data nyingi huharibika. Tatizo la kwanza ni namba. Ukimwambia mtu "kuanzia sifuri hadi tano", wengi watataja tano au sifuri tu. Weka punje tano za maharage mezani. Mwambie: kama hakuna kilichobadilika, ziache zote, kama kimebadilika kidogo, sogeza moja, kama kimebadilika sana sana, sogeza zote. Utaona anasogeza tatu, anafikiri, anarudisha moja. Kule kurudisha ndiko kunakokuonyesha kwamba ameelewa.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Dodoso linauliza *badiliko lililotokana na ugonjwa*, sio hali ilivyo. Mama aliyeimba kwaya tangu usichana atasogeza punje zote kwenye imani. Muulize kwa upole: "Kabla ya kuugua, mama, ilikuwaje?" Akisema ilikuwa hivi hivi, jibu sahihi ni sifuri, na sifuri hiyo haimpunguzii kitu.

Anayeuliza asiwe muuguzi anayemhudumia. Kwetu mgonjwa hamvunji moyo anayemchoma sindano. Atasema "namshukuru Mungu" hata pale anapoteseka.

Hatua ya 5: Pima na maumivu ya moyo. PTGI peke yake haitoshi. Tumia pia PHQ-9 ya Kiswahili, inayopima dalili za sonona, alama 0 hadi 27. Swali lake la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilitumie kama hujui utamkabidhi nani siku ileile.

Hatua ya 6: Soma alama eneo kwa eneo. Jumla huficha mengi. Wawili wenye 60 wanaweza kuwa tofauti kabisa: mmoja amekaribiana na ndugu zake, mwingine amegundua nguvu zake baada ya mume kuondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Muuguzi, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mama ana PTGI 91 na PHQ-9 yake ni 17. Kipi ni kweli?*

Marahaba. Vyote viwili. Ukuaji na maumivu huishi pamoja, na mara nyingi ni maumivu yaleyale yanayomfanya mtu ayatafakari maisha upya. Hiyo 17 inahitaji msaada sasa, tisini na moja isikucheleweshe.

*Mwanafunzi, Iringa: Alama ngapi ndiyo "amekua"?*

Dodoso halina mstari wa kufaulu na kufeli. Linganisha kundi na kundi, au mtu na yeye mwenyewe baada ya muda. Na tafadhali, asiyeona ukuaji wowote usimwandike kama aliyeshindwa. Kuna wanaoambiwa kila siku "jipe moyo", wanachoka.

*Mshauri, Mbeya mjini: Bibi anaongea Kisafwa tu. Mjukuu atafsiri?*

Hapana, dada. Mbele ya mjukuu hatasema anavyoogopa. Tafuta mkalimani mtu mzima asiye ndugu, mpitie naye sentensi zote kabla.

*Muuguzi, Makambako: Mume anakataa kutoka kwenye chumba cha mahojiano.*

Usigombane naye. Mwombe mama peke yake, mkienda kumpima uzito kwa mfano, akwambie anapenda nini. Akitaka mumewe awepo, awepo, na uandike pembeni mwa fomu kwamba alikuwepo. Asipotaka, ahirisha hadi siku atakayokuja mwenyewe.