Namna ya Kusoma Utafiti wa Moyo Uliosimama Ghafla Kabla ya Kuuamini

Tafiti kuhusu matibabu ya moyo uliosimama ghafla hutoa asilimia zinazopishana kiasi cha kumchanganya msomaji. Moja inaeleza kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walitoka salama, nyingine inaeleza kwamba walionusurika ni watatu tu katika kila mia, na zote mbili zimefanywa kwa uadilifu. Kinachozitenganisha ni nani aliyehesabiwa, alihesabiwa lini, na alikuwa katika hali gani siku hiyo. Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi wa utabibu au uuguzi, mwandishi wa habari za afya, na yeyote anayetumiwa kwenye kundi la WhatsApp habari ya dawa au mashine inayodaiwa kurudisha uhai.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba unasoma kuhusu jambo lenyewe. Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaolisha misuli ya moyo unapoziba, na mgonjwa kwa kawaida huwa na fahamu zake na hulalamika maumivu ya kifua. Moyo kusimama ni hali ya moyo kuacha kusukuma damu: mtu huanguka, hupoteza fahamu, na hapumui au hukoroma kwa pumzi za kukatikakatika. Hali ya kwanza inaweza kuzaa ya pili, lakini takwimu zake ni tofauti kabisa, na makala inayozichanganya haistahili kuendelea kusomwa.

Ukisharidhika na hilo, usianze na asilimia. Fungua sehemu ya mbinu na utafute ni akina nani walioingizwa kwenye hesabu. Mfano unaofundisha sana ni utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu kupoza mwili wa mgonjwa hadi nyuzi 32 mpaka 34 kwa saa 24. Waliopozwa walifikia matokeo mazuri ya ubongo kwa asilimia 55, dhidi ya asilimia 39 kwa wasiopozwa. Lakini watafiti waliwapima wagonjwa 3,551 na kuwachukua 275 tu. Waliochukuliwa walikuwa wameanguka mbele ya shahidi, mapigo ya moyo wao yalikuwa ya aina inayoweza kurekebishwa kwa mashine ya kustua moyo, na damu ilikuwa imekwisha kuanza kuzunguka tena. Asilimia 55, kwa hiyo, ni ya watu waliokwisha kuvuka mto wenye mamba, na wale waliofia barabarani hawamo. Anayeichukua namba hiyo na kuiandika kuwa ndiyo nafasi ya kupona ya kila anayeanguka sokoni anawadanganya wasomaji wake, hata kama namba yenyewe ni ya kweli.

Tatizo hili ndilo lililowakutanisha wataalamu mwaka 1990 katika nyumba ya zamani ya watawa ya Utstein, karibu na Stavanger nchini Norwei, wakakubaliana namna moja ya kuandika takwimu za moyo kusimama. Ukiona utafiti umetaja mfumo wa Utstein, tafuta mambo yanayoandikwa humo: je, kulikuwa na shahidi, nani alianza kukandamiza kifua, mapigo ya kwanza yalikuwa ya aina gani, na ilichukua muda gani msaada kufika. Utafiti usioyaonyesha hayo hauwezi kulinganishwa na mwingine wowote.

Hatua inayofuata ni kuuliza neno “kunusurika” limepimwa wapi, na hapa msomaji anapaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kuna moyo kurejea kupiga, kuna kufikishwa hospitali ukiwa hai, kuna kuwa hai baada ya siku 30, na kuna kuwa hai huku ubongo ukifanya kazi. Kila ngazi inapunguza idadi, na dawa inaweza kung’ara kwenye ngazi ya kwanza ikafifia kwenye ya mwisho. Jaribio la Uingereza liitwalo PARAMEDIC2, lililochapishwa mwaka 2018, linalionyesha jambo hili waziwazi. Wahudumu wa magari ya wagonjwa waliwapa baadhi ya watu adrenalini, dawa ya kuchochea moyo, na wengine maji ya chumvi yasiyo na dawa, bila wao wenyewe kujua kilichomo ndani ya bomba la sindano. Waliohusishwa walikuwa 8,014. Moyo ulirejea kupiga kabla ya hospitali kwa asilimia 36.3 ya waliopata adrenalini na asilimia 11.7 ya waliopata maji ya chumvi, tofauti ambayo mhudumu yeyote aliyepiga magoti kando ya mgonjwa angeiona kwa macho yake na kuapa kwamba dawa hiyo ni mkombozi.

Sasa shuka kwenye jedwali. Baada ya siku 30, waliokuwa hai ni 130 kati ya 4,012 upande wa adrenalini, yaani asilimia 3.2, na 94 kati ya 3,995 upande wa pili, yaani asilimia 2.4. Shuka tena. Walionusurika wakiwa na hali nzuri ya ubongo ni 87 kwa 74, sawa na asilimia 2.2 na 1.9, na masafa ya uhakika, yaani mipaka ambamo uwiano wa kweli kati ya pande hizo mbili huenda umo, yanaanzia 0.86 hadi 1.61, ambapo 1 ina maana ya kutokuwapo tofauti. Kwa kuwa masafa hayo yanaipita 1 kwa pande zote mbili, data hizo zinakubaliana na dawa kusaidia ubongo, kutosaidia, au hata kudhuru kidogo. Upande wa ulemavu mkubwa, walioupata ni 39 kati ya 126 walionusurika hadi kuruhusiwa kutoka hospitali kwa adrenalini, na 16 kati ya 90 kwa maji ya chumvi. Usiipite safu hiyo bila kusoma maelezo ya kipimo chini ya jedwali. Kipimo kilichotumika huenda kutoka 0, mtu asiye na dalili yoyote, hadi 6, ambayo ni kifo. Alama ya 5 ni mtu aliye kitandani, asiyejizuia haja, anayehitaji kuuguzwa usiku na mchana. Katika takwimu za siku 30, mtu huyo na yule aliyerudi kazini wanahesabiwa sawa: wote wako hai.

Jaribio hilohilo linafaa kwa zoezi la hesabu. Mwandishi anaweza kusema kwamba adrenalini iliongeza kunusurika kwa takriban theluthi moja, kwa sababu 3.2 inaizidi 2.4 kwa kiasi hicho. Mwingine anaweza kusema iliongeza chini ya mtu mmoja katika kila mia. Wote wawili hawajakosea. Namna iliyo wazi zaidi ni kugawa 1 kwa tofauti halisi kabla asilimia hazijakadiriwa, na utapata kwamba ilibidi watu wapatao 112 wapewe dawa ili mmoja zaidi awe hai siku ya 30. Makala inayotoa ongezeko la asilimia peke yake, bila kukuonyesha namba ilianzia wapi, inakuficha kitu, kwa kusudi au kwa uzembe.

Angalia pia kama watafiti waligawa wagonjwa kwa bahati nasibu au walitazama tu rekodi za waliopita. Katika moyo uliosimama, rekodi zina mtego wa pekee: muda. Mgonjwa ambaye moyo wake unarejea ndani ya dakika tatu hapati dawa wala mpira wa kupumulia, kwa kuwa hahitaji. Anayepewa kila kitu ni yule ambaye juhudi zimechukua muda mrefu, naye nafasi yake ilikuwa ndogo tangu awali. Nchini Japani, uchambuzi wa rekodi za wagonjwa 417,188 uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha adrenalini na nafasi ndogo zaidi ya kuwa hai baada ya mwezi mmoja, ijapokuwa watafiti walijitahidi kusawazisha tofauti za wagonjwa. Jaribio la Uingereza, lenye watu wachache mno kuliko hao, lilionyesha kinyume chake. Wingi wa wagonjwa hauponyi kasoro ya namna walivyopatikana.

Hiyo haina maana kwamba rekodi zitupwe. Nchini Denmark, watu walioanguka na kukandamizwa kifua na waliokuwa karibu nao waliongezeka kutoka asilimia 21.1 mwaka 2001 hadi 44.9 mwaka 2010, na walionusurika siku 30 wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Katikati ya kipindi hicho mafunzo ya CPR, yaani kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi aliyeanguka, yalifanywa ya lazima shuleni na kwa wanaoomba leseni ya udereva. Hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu nusu ya walioanguka waachwe bila kuguswa ili tupate jaribio safi, kwa hiyo ushahidi wa namna hii ndio tutakaokuwa nao daima. Usome ukikumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo huduma nyingine pia zilibadilika.

Usisahau kundi la kulinganisha lilipewa nini hasa. Katika utafiti wa kupoza mwili wa mwaka 2002, wasiopozwa waliachwa joto lao likapanda hadi karibu nyuzi 38. Jaribio la mwaka 2013 lililinganisha nyuzi 33 na 36, likaona hakuna tofauti. Lile la mwaka 2021 lililinganisha nyuzi 33 na kuzuia homa tu, na baada ya miezi sita vifo vilikuwa asilimia 50 na 48. Ni busara kushuku kwamba sehemu ya kilichoonekana mwanzoni kuwa faida ya baridi ilikuwa madhara ya joto.

Kisha pima umbali kati ya mahali pa utafiti na mahali ulipo. Katika PARAMEDIC2 gari la wagonjwa lilifika dakika chache baada ya simu, na dawa ikatolewa dakika kama 20 baada ya simu hiyohiyo. Katika mji ambao mgonjwa hupelekwa hospitali kwa bajaji au kwa gari la jirani, swali la adrenalini njiani halina pa kusimama, ilhali matokeo ya Denmark, yanayotegemea mikono ya aliye karibu, yanasafiri vizuri zaidi.

Mwisho, jaribu kuueleza utafiti kwa sentensi moja inayobeba yote haya. Kwa jaribio la Kanada la mwaka 2022, sentensi hiyo ingekuwa hivi: “Kati ya watu wazima 405 katika jimbo la Ontario walioanguka nje ya hospitali na ambao moyo wao uliendelea kutetema bila kusukuma damu hata baada ya kustuliwa mara tatu, walioruhusiwa kutoka hospitali wakiwa hai ni asilimia 30.4 ya waliostuliwa kwa mashine mbili mfululizo na asilimia 13.3 ya waliostuliwa kwa njia ya kawaida, katika jaribio lililosimamishwa mapema kwa sababu ya UVIKO-19.” Mhariri atataka kuifupisha. Aruhusiwe kuondoa jina la jimbo, lakini asiguse maneno “hata baada ya kustuliwa mara tatu”, kwa sababu bila hayo msomaji ataamini kwamba karibu theluthi ya wote wanaoanguka hurudi nyumbani.